Kliniki ya homoni, Kampala: kipimo cha kromosomu na saa moja ya maelezo

Nyota nne kati ya tano.

Jina la kliniki silitaji. Wenyewe wameomba lisiandikwe mtandaoni na sababu yao naielewa: tangu Sheria ya Kupinga Ushoga ipite 2023, maneno ya mtaani yamekuwa makali, na mtu aliyezaliwa huntha, yaani mwenye mwili usiofuata njia ya kike tu wala ya kiume tu, hushukiwa kabla hajafungua mdomo. Kliniki ikijulikana, wagonjwa wake wataanza kuviziwa mlangoni. Ukihitaji kufika, muulize daktari wa homoni au wa uzazi aliyeko Kampala, atakuandikia barua. Nawaandikia watu wa aina yangu, waliopewa kikaratasi kinachosema "kapime kromosomu", vile vijiti vya urithi vilivyomo ndani ya seli, wakabaki wanakitazama bila kujua kinawapeleka wapi.

Mimi ni ajenti wa forodha hapa Malaba. Nilizaliwa kota za jeshi Rubongi, nje kidogo ya Tororo, baba akiwa sajini, kwa hiyo Kiswahili ndicho nilichoanza nacho. Nina miaka thelathini na sita, ndoa yangu ina miaka saba, na hatuna mtoto. Mpakani huku watu huitana kwa majina ya watoto wao, Baba Brian, Mama Shamim, Baba Mapacha. Mimi naitwa Ajenti. Wanaoniita hivyo hawana nia mbaya, lakini kila nikiitwa nasikia kile wasichokisema.

Miaka mitano ya kwanza mzigo wote aliubeba mke wangu. Alikunywa mizizi ya kila rangi, akapigwa picha ya mirija, akaombewa, na kila alikokwenda aliambiwa ni mzima. Aliyetufungua macho ni shangazi yake, mama wa Kisoga asiyezunguka maneno. Alikuja Pasaka, akala, akanawa mikono, akanigeukia: "Mkwe wangu, na wewe umepimwa?" Nilikuwa sijapimwa. Nilipopimwa, karatasi ilisema hakuna mbegu hata moja. Walirudia baada ya wiki kadhaa, jibu likawa lilelile. Daktari akaniangalia vizuri: miguu mirefu kuliko kiwiliwili, ndevu haba, korodani ndogo, na kifua ambacho tangu kidato cha pili nilikificha kwa kuvaa shati mbili hata jua likiwaka. Akasema, pima kromosomu.

Kabla ya kufika kwenye kliniki ninayoisifu nilipita mahali pengine, na lazima nipaeleze, maana pengine pesa zako zitapotelea palepale. Ilikuwa maabara ya kawaida, siitaji. Nilifika Ijumaa mchana. Kijana akanitoa damu akaiweka kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, nikalipa, nikapanda taksi kurudi Tororo. Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu kwamba "sampuli haikuota", nije tena, na malipo ni upya. Niliuliza haikuota kwa nini. Hakuna aliyenijibu.

Jibu nilikuja kupewa na nesi wa kliniki hii ya pili. Aliishika chupa yenye kifuniko cha kijani mbele ya macho yangu, akaigeuza taratibu mara nane au tisa ili damu ichanganyike na dawa iliyomo, akaniambia: "Ssebo (bwana), hiki kipimo kinataka seli zilizo hai." Dawa ya kichupa cha kijani ni heparini. Inazuia damu isigande, na seli zinabaki hai. Ile ya zambarau inafaa kuhesabia damu na hata kutolea DNA, lakini si hii kazi. Maabara inakofika sampuli, seli nyeupe zinaoteshwa kwa muda wa siku tatu hivi, halafu zinasimamishwa zikiwa katikati ya kugawanyika, kwa kuwa hapo tu ndipo kromosomu hujikunja zikaonekana kwa hadubini moja moja. Zikifika zimekufa hakuna kitakachoota. Ndiyo maana hawa hawachukui damu ya kipimo hiki Alhamisi wala Ijumaa. Ni Jumatatu na Jumanne, asubuhi, kwa sababu sampuli inasafirishwa nje ya nchi na haitakiwi kulala ghalani wikendi nzima.

Nilipoyasikia hayo nilitaka kumkumbatia yule nesi. Mimi maisha yangu ni mizigo. Najua maana ya shehena kulala Jumamosi na Jumapili kwa sababu ya mtu mmoja aliyepuuza siku. Nikaomba kuona boksi lenyewe, akanionyesha: chupa imefungwa kwa pamba, ndani ya mfuko, ndani ya kopo gumu, hakuna barafu inayogusa damu, na karatasi ya nje ina namba tu, bila jina langu. Kwa upande huo wa kazi yao sina la kulalamika.

Nililipa shilingi laki saba na nusu. Ni pesa nyingi sana. Kwa wengi ninaowafahamu hapa Malaba ni mshahara wa miezi miwili au mitatu, na kliniki haina mpango wa kulipa kidogo kidogo. Hilo niliwaambia ana kwa ana na hapa narudia: wekeni mpango. Mtu aliyekwisha kutumia akiba yake yote kwa waganga na maabara anafika kwenu mkono mtupu.

Majibu yalichukua siku ishirini na tatu. Hawayatumi kwa WhatsApp, hawayasomi kwenye simu. Unaitwa, na ukiwa na mwenzi unaambiwa uje naye.

Anayetoa majibu si daktari peke yake. Yupo mama mmoja, nesi wa zamani, wa umri wa mama yangu mdogo, aliyekulia kota za jeshi Jinja. Aliposikia lafudhi yangu akaacha Kiingereza, akaanza kuongea Kiswahili cha kambini, na nikahisi mabega yakishuka. Alifunga mlango, akageuza simu yake kifudifudi mezani, akatuambia tuna saa moja na hakuna atakayegonga.

Kisha akaweka karatasi katikati yetu. Hebu niieleze, kwa sababu siku nyingi niliogopa karatasi hiyo na kumbe ni kitu cha kutazamika. Ni picha ya vijiti vyeusi na vyeupe, vyenye mistari kama ya pundamilia, vimepangwa wawili wawili kama pea za viatu dukani, vikubwa juu, vidogo chini, kila pea na namba yake, 1 mpaka 22. Chini pembeni kuna pea ya mwisho, ile ya jinsia. Kwa mwanamke huwa X mbili. Kwa mwanaume huwa X moja na Y, na Y ni kijiti kifupi, unaweza kukipita usikione. Mama alitumia ncha ya penseli. Akagusa X ya kwanza. Akagusa X ya pili. Akagusa Y. Vitatu. Juu ya karatasi imeandikwa 47,XXY.

Mke wangu alikuwa kimya, ameshika kamba ya mkoba wake. Mimi nilihesabu upya kwa kidole, pea zote, kama ninavyohesabu katoni.

Maelezo yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote. Alianza kwa kusema kwamba hakuna aliyetulaani. Mbegu ya baba na yai la mama vinapotengenezwa, kila pea ya kromosomu inatakiwa kuachana, moja huku moja kule. Mara nyingine zinashikana na kwenda pamoja upande mmoja. Basi. X ya ziada yaweza kutoka kwa baba au kwa mama, karibu nusu kwa nusu, na haisababishwi na chakula, wala uzinzi, wala jicho la mtu. Hutokea kwa mwanaume mmoja katika kila 600 hivi. Akanitazama akasema, "Mwanangu, kota mlizokulia ninyi zilikuwa na wanaume wangapi?" Nikaanza kufikiri. Rubongi ni kambi kubwa. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani niko peke yangu duniani, na huenda tulikuwa tunacheza mpira pamoja.

Wengi wenye hali hii, alisema, wanaishi na kufa bila kujua. Jina la kitabibu ni hali ya Klinefelter, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeandika habari za wanaume tisa wa namna hii mwaka 1942. Wakati ule hakuna aliyejua chanzo. Idadi kamili ya kromosomu za binadamu, 46, ilithibitishwa 1956 tu, na X ya ziada ya watu kama mimi ilionekana Uskoti mwaka 1959. Baba yangu alikuwa ameshazaliwa. Habari hii ilinipa nafuu ya ajabu: wataalamu wenyewe wameyajua haya juzi, sasa mganga wa Busia angeyajulia wapi?

Ndipo nikauliza lile swali. "Mama, sasa mimi ni mwanaume au ni huntha?"

Hakulikimbia. Alisema kwenye Y kuna jeni moja iitwayo SRY, iliyogunduliwa 1990, na ndiyo inayoamuru korodani zitengenezwe mtoto akiwa tumboni, mnamo wiki ya sita au ya saba. Jeni hiyo ninayo na ilifanya kazi. X ya pili ndiyo iliyozifanya zibaki ndogo na zisitengeneze mbegu wala homoni ya kutosha. Huntha ni neno pana, akasema, linawachukua wote ambao mwili wao, iwe kromosomu, iwe homoni, iwe maumbile ya nje au ya ndani, haukufuata ile njia ambayo watu huiita ya kike au ya kiume tu. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa ni kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya watu. Pengo ni kubwa kwa sababu wanaohesabu hawakubaliani nani aingie. "Wapo wenye XXY wanaosema, mimi ni huntha, na wanasimama hadharani. Wapo wanaosema, mimi ni mwanaume mwenye tatizo la homoni, yamekwisha. Hakuna daktari wa kukuchagulia. Nenda nalo nyumbani."

Nimekwenda nalo. Najiita mwanaume, na nimeacha kulikwepa lile neno jingine. Kule kambini tulilitumia kama tusi. Kulikuwa na mtoto wa koplo mmoja tuliyekuwa tukimchungulia bafuni, na leo nikimkumbuka naona aibu kubwa. Popote alipo, namwomba radhi.

Sehemu ya dawa nitaifupisha, ila jambo moja lisikupite. Duka la dawa la kwetu lilishataka kunichoma sindano ya testosteroni baada ya kipimo cha damu kuonyesha homoni iko chini. Daktari wa kliniki alinizuia. Sindano hiyo inasaidia nguvu, mifupa, damu na hamu, na nitaihitaji pengine maisha yote, lakini inazima hata uzalishaji kidogo wa mbegu uliobaki. Kuna upasuaji wa kutafuta mbegu ndani ya korodani kwa hadubini, na karibu nusu ya wanaume wenye XXY hupatikana nazo. Kama unataka kujaribu, jaribu kwanza, sindano baadaye. Hebu fikiria ningechomwa kule dukani, kwa haraka, na mtu asiyejua kwa nini homoni imeshuka. Upasuaji wenyewe hapa kliniki haufanyiki, wanakuandikia barua, na gharama yake inahesabiwa kwa mamilioni. Tunaufikiria. Nimepimwa pia sukari, na mifupa nitapimwa mwaka huu, kwani homoni ikiwa chini miaka mingi mifupa hulika.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wana kikao cha wagonjwa na wazazi, bila malipo, chai na mandazi juu yao. Nilidhani nitakuta wanaume wa XXY. Nilimkuta mmoja tu. Wengine walikuwa wazazi, na binti mmoja mrefu, mpole, aliyelelewa kama msichana na ni msichana, ambaye kromosomu zake ni XY: mwili wake hauisikii homoni ya kiume, kwa hiyo umekua kike, ila hedhi haikuja. Kulikuwa pia na mama wa msichana mwenye hali ya Turner, X moja tu, mfupi, anayefuatiliwa moyo. Mtoto mmoja wa kike katika kila 2,500 hivi huzaliwa nayo.

Aliyebaki moyoni mwangu ni mama mmoja kutoka Busoga. Mtoto wake ana X mbili, tumbo la uzazi, kila kitu, lakini tezi zilizo juu ya figo zinakosa kimeng'enya kimoja, zikamwaga homoni za kiume tangu akiwa tumboni, na alipozaliwa wakunga hawakujua waseme nini. Wakabishana kuhusu sehemu za siri. Kumbe hatari ilikuwa chumvi. Watoto hawa wanaweza kupoteza chumvi mwilini na kufa ndani ya wiki chache, na huyu alianza kutapika akiwa na siku kumi na mbili. Aliokolewa na hidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya homoni ambayo tezi hizo hushindwa kuitengeneza. Mama akatoa kikombe na wembe kwenye mfuko wake akatuonyesha anavyofanya kila asubuhi: kidonge cha miligramu 10 juu ya kisahani, wembe katikati, halafu kila nusu katikati tena, robo moja anaisaga kwa mgongo wa kijiko na kuikoroga kwa maji, robo tatu anazifunga kwenye karatasi ya dafutari. Mkono wake hautetemeki. Anamnywesha robo mara tatu kwa siku, miaka minne sasa.

Hospitali moja, ambayo hakuitaja nami sikumwuliza, ilimshauri mtoto apasuliwe mapema "ili afanane". Kliniki hii ilimwambia dawa ni lazima, kisu kingoje, mpaka mtoto awe na mdomo wa kusema anataka nini. Naungana nao kabisa. Annet Negesa, mkimbiaji wetu aliyezaliwa huntha, nilimshangilia 2011 alipochukua dhahabu ya mita 800 kwenye Michezo ya Afrika kule Maputo. Amesema hadharani kwamba alipofanyiwa upasuaji 2012 hakuelezwa vya kutosha atakachofanyiwa. Mtu mzima, mwanariadha wa taifa. Sasa mtoto wa wiki tatu?

Na karatasi za serikali nazo zinasukuma upande wa kisu. Hapa naongea kama ajenti. Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015, kifungu cha 38, inaruhusu taarifa ya jinsia ya mtoto huntha ibadilishwe kwenye daftari, lakini baada ya kupasuliwa na daktari kuthibitisha. Yaani hati isirekebishwe mpaka mwili urekebishwe. Mimi hati ikiwa na kosa naandika hati mpya, siendi kulikata lori. Ng'ambo ya daraja hapa Malaba, sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu huntha, wakawa 1,524, na Sheria yao ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha waziwazi. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kwetu, SIPD, shirika linalowasaidia huntha, na Julius Kaggwa, aliyezaliwa huntha na kusimama hadharani miaka mingi, wamefanya kazi kubwa vijijini kuwaelimisha wazazi na wakunga. Kikaoni niliona wazazi watatu waliofika kwa kuelekezwa na mtu mmoja mmoja tu, wa mdomo kwa mdomo. Wangapi hawajaelekezwa?

Sasa ile nyota niliyoizuia. Mara ya kwanza nilipofika, binti wa mapokezi alisimama akaita kwa sauti, "Wa kromosomu ni nani?" Watu kumi na wawili waligeuka. Nililalamika kwa maandishi, na ziara iliyofuata walikuwa wanaita kwa namba, lakini ile mara ya kwanza siisahau. Fomu yao ina visanduku viwili tu vya jinsia, kliniki ya kazi hii! Vipeperushi viko kwa Kiingereza na Luganda peke yake; sisi wa Tororo, Busia, Arua na kambini tunakwenda wapi? Mama wa maelezo yupo siku mbili kwa wiki, na akiwa likizo hakuna wa kushika nafasi yake, daktari anakupa dakika kumi. Ngazi ni ndefu na lifti haipo. Nimewaambia niko tayari kuwatafsiria kipeperushi bure, wamesema watanipigia. Nasubiri.

Ukienda, chukua damu Jumatatu, uwe umefika kabla ya saa nne asubuhi. Kutoka huku tunapanda basi la saa kumi alfajiri, tunapita Iganga kungali giza, Jinja kunapambazuka. Angalia kifuniko kiwe cha kijani, na kisipokuwa cha kijani vuta mkono wako. Omba siku ambayo yule mama yupo, hata kama utangoja wiki moja zaidi. Andika maswali yako nyumbani. Mimi yangu niliyaandika nyuma ya risiti ya mizani, kumi na moja, na yote yalijibiwa. Mke wangu siku ile hakuuliza kitu. Njiani tukirudi, baada ya Bugiri, akaniomba ile karatasi ya picha, akaiweka mapajani, akatafuta Y kwa kidole mpaka akaiona.